Shangazi, mtoto aliyeokota bahasha sasa analipa deni

*Shikamoo Shangazi,*

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, huu ni mwaka wangu wa pili kazini. Kwetu ni Bagamoyo, lakini ajira ilinileta Njombe, kijiji cha juu kabisa ambako gari la abiria hupanda mara moja kwa siku, na mvua ikinyesha halipandi. Shule yetu ni ndogo. Tuna wanafunzi 131 kuanzia awali hadi darasa la saba, na walimu watano ukimhesabu na mwalimu mkuu. La kwanza na la pili wanakaa chumba kimoja wakipeana mgongo, hawa na ubao wa mbele, hawa na ubao wa nyuma. Kengele yetu ni ringi ya lori iliyoning'inizwa kwenye mkaratusi.

Nakiri kwamba mwezi wa kwanza nililia kila usiku. Baridi ya huku sikuwahi kuiota. Lakini leo mtu akiniambia nihame, nitamwuliza nimemkosea nini. Watoto wanakuja na ukungu, kila mmoja na ukuni wake kwapani kwa ajili ya jiko la shule, na wakubwa wanawafunga wadogo vifungo vya sweta bila kuambiwa. Ukikutana na mtoto njiani ana dumu kichwani, analitua kwanza ndipo anakuamkia. Wamenifundisha kujibu salamu ya huku, "kamwene", mpaka kinamama sokoni hawanicheki tena. Hata njia ya kushukia bondeni naijua sasa bila tochi.

Nafundisha Hisabati na Uraia na Maadili, na ndiye mwalimu wa darasa la tano. Shida yangu imetoka kwenye hilo la maadili.

Kila kaya yenye mtoto hapa shuleni ilikubali kwenye mkutano wa wazazi kutoa mahindi, maharage na shilingi 2,000 ya kumlipa mpishi. Kaya ziko 86. Fedha anazishika mweka hazina wa kamati ya chakula, ambaye ni mama mwenye nyumba ninayopanga. Siku moja mchana alitoka shuleni na zile fedha kwenye bahasha ya kaki, akishuka kwa wakala kuziweka kwenye simu. Alipofika kule hakuiona bahasha. Alirudi akilia.

Saa kumi na nusu jioni, mvulana mmoja wa darasa langu akarudi shuleni anahema. Aliiona bahasha kwenye nyasi karibu na daraja la magogo. Hakwenda nayo kwao, alipanda nayo kilima chote kuileta. Mimi ndiye niliyekuwa wa zamu. Nilihesabu na mwalimu mwenzangu, tukapata shilingi 134,000, tukaandika kwenye kitabu cha zamu na kusaini wote wawili.

Shangazi, nilifurahi kama nimeokota mimi. Kesho yake mstarini nilimsimamisha mbele, nikasema huyu ndiye mfano wa mada tuliyosoma, watoto wakampigia makofi ya kilo. Yeye alikuwa akitazama vidole vya miguu yake.

Mchana wa siku hiyo hiyo mambo yakageuka. Kamati ilimwuliza mama mweka hazina zilikuwa shilingi ngapi, naye akasema zilikuwa zote, 172,000. Kwa hiyo 38,000 hazipo. Aliyeshika bahasha ni nani? Watu wakakumbuka kwamba siku tatu nyuma mwalimu mkuu alisoma mstarini majina ya kaya 19 ambazo zilikuwa hazijatoa, na watoto wao wakaambiwa wasimame. Huyu kijana alikuwa mmoja wao. Anaishi na bibi yake tu, na bibi hana shamba la maana. Basi ikawa hivyo: kwao hawana, ameona fedha, amemega, akarudisha zilizobaki apate sifa.

Sasa ni wiki ya tatu. Watoto wanamwita "Bahasha". Wiki iliyopita alikosa siku tatu. Nikasikia yuko chini barabarani anasomba viazi kutoka mashambani hadi lori linaposimama. Jumatatu akaja na shilingi 6,000, sarafu na noti zilizochakaa, kazifunga kwenye karatasi aliyochana kwenye daftari la Hisabati. Akampa mwalimu mkuu, akasema nyingine ataleta. Mwalimu mkuu akatuambia ofisini: "Mnaona? Asiye na hatia halipi." Amesema kama hizo nyingine hazijapatikana kabla ya kufunga shule mwezi wa sita, kijana atachapwa mbele ya wenzake, na atakayemchapa ni mimi kwa kuwa ni wa darasa langu.

Nilikwenda kwa bibi. Hakunigombeza. Alinikaribisha motoni, akasema: "Mwalimu, nimeshamwambia. Siku nyingine ukiona kitu njiani, pita."

Tangu siku hiyo siwezi kufundisha Uraia na Maadili. Nikiingia darasani naandika tarehe ubaoni, nasahau kinachofuata. Yule mama mwenye nyumba ndiye aliyenipa blanketi nilipofika, ndiye aliyekuwa akiniwashia moto nilipougua. Mwalimu mkuu ni mkubwa wangu wa kazi. Kijana sina ushahidi wa kumtetea zaidi ya moyo wangu. Nimwambie nini huyu mtoto? Au bibi yake ndiye aliyemfundisha vizuri kuliko mimi?

*Mwalimu wa darasa la tano, Njombe*

---

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza kwa huzuni, mara ya pili kwa kalamu, mara ya tatu kwa kicheko kidogo, unisamehe, kwa kuwa wewe ni mwalimu wa Hisabati.

Chukua chaki. Kaya 86, kila moja 2,000: hizo ni 172,000, ndiyo hesabu ya mama mweka hazina. Sasa ondoa kaya 19 ambazo siku tatu kabla zilisomwa majina kwamba hazijatoa. Zinabaki 67. Mara 2,000 ni ngapi? Ni 134,000. Ndizo mlizozihesabu wewe na mwenzako mkasaini. Na hizo 38,000 zinazotafutwa kijiji kizima, zigawe kwa 2,000 uone inatoka namba gani.

Umeyaandika yote wewe mwenyewe kwenye ukurasa mmoja. Hukuyaona kwa sababu ulikuwa unalia, na machozi hayana kikokotoo.

Lakini usikimbie nayo bado. Siku tatu ni nyingi. Inawezekana baadhi ya wale 19 walilipa katikati, hasa baada ya watoto wao kuaibishwa mstarini. Jibu liko kwenye daftari la mama mweka hazina au kwenye vishina vya stakabadhi, kama alikuwa akikata stakabadhi. Na hata kama wamo waliolipa, bado hujaniambia ni nani wengine waliopita daraja la magogo kati ya mchana na saa kumi na nusu. Njia ya kwenda kwa wakala haipiti mtoto mmoja. Ninachokuonyesha ni kwamba hesabu iliyo rahisi kuliko zote hakuna aliyeifanya, kwa sababu palikuwa na mtoto wa maskini karibu, na huyo alikuwa rahisi zaidi.

Nami nakuomba usimfanyie mama mwenye nyumba wako walichomfanyia kijana. Usiseme ameiba, usiseme amedanganya. Mimi nikisoma barua yako naona mtu aliyepoteza fedha za watu, akalia njia nzima, halafu kamati ikamzunguka na kumwuliza zilikuwa ngapi. Mtu wa namna hiyo anataja namba anayoijua kwa moyo, na namba aliyoijua kwa moyo ilikuwa ile ya mkutano, kaya 86 mara 2,000. Alikuwa anataja zilizotakiwa kuwemo. Halafu ilipotamkwa mbele ya watu ikawa ngumu kuirudisha. Huenda naye usiku halali. Huenda pia nakosea kabisa na kuna jambo lingine pale. Ndiyo maana namtaka yeye na daftari lake kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mwendee jioni, motoni, pale pale alipokuwa akikuwashia kuni ulipougua. Usimwendee ofisini, na usimshtukize kwenye kikao. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: huyu mama alikufunika blanketi ulipokuwa mgeni, basi nawe msitiri kwa kumpa nafasi ya kusema mwenyewe. Mwambie, "Mama, nina hesabu inanisumbua, naomba tuifanye wote." Mpe namba, moja moja, kama unavyowapa watoto. Kisha nyamaza. Ninyi watu wa Pwani mna maneno mengi mazuri, lakini hapa ukimya utakusaidia zaidi. Akisema, "Ehee, kumbe," mmemaliza nusu ya kazi. Akikasirika, mwache akasirike, asubuhi msalimie kama kawaida, na ujue kwamba njia inayofuata ni ya ofisini. Kama kwa ajili ya hili utalazimika kutafuta chumba kingine, utakitafuta. Najua si jambo dogo kwa binti mgeni kijijini, lakini mizani haina ugumu: wewe utahama chumba, mtoto ameshaanza kuhama shule.

Nije kwa mwalimu mkuu wako. Maneno yake yamenikaa kooni. "Asiye na hatia halipi." Nimefundisha miaka karibu arobaini na nakwambia asiye na hatia hulipa, tena hulipa haraka kuliko mwizi, kwa sababu anachotaka ni yaishe arudi darasani. Mwizi angetulia na fedha zake. Mtoto wa darasa la tano aliyebeba viroba vya viazi mgongoni apate 6,000, akazifunga kwenye karatasi ya daftari lake, hakuwa anakiri. Alikuwa ananunua kiti chake mlichomnyang'anya.

Hizo 6,000 ni zake. Kila siku zinapolala kwenye droo ya ofisi, ni shule ndiyo inayodaiwa.

Kuhusu fimbo sitazunguka. Kanuni za adhabu ya viboko unazijua au unapaswa kuzijua: anayechapa ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, viboko havizidi vinne, na vinaandikwa kwenye daftari maalumu pamoja na kosa. Kosa, mwanangu. Kosa lililothibitishwa. Hakuna kanuni inayoruhusu kumchapa mtoto ili aseme fedha ziko wapi. Nayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni yake na kusikilizwa, na barua yako nzima sijaona mahali ambapo huyu kijana aliketishwa akaulizwa aeleze alivyoiona ile bahasha: ilikuwa imefungwa au iko wazi, noti zilikuwa ndani zote au zimetawanyika. Hata wewe hukumwuliza. Ukiagizwa kumchapa, sema hutaweza, useme kwa adabu, na uombe agizo hilo kwa maandishi. Hiyo karatasi sidhani kama utaiona.

Lakini usimvae mkuu wako. Nenda na yule mwalimu mliyehesabu naye, mbebe kitabu cha zamu na orodha ya wale 19, kwa sababu ni mkuu mwenyewe aliyeisoma na hawezi kuikana. Kama mama mweka hazina amekubali, nenda naye pia, hapo kazi itakuwa fupi. Mwekeeni hesabu mezani mumwachie aifanye yeye. Mkubwa akigundua kosa mwenyewe hulirekebisha, akigunduliwa huligeuza vita. Mpeni mlango wa kutokea: yeye ndiye atakayetangaza, yeye ndiye atakayerudisha fedha. Sifa achukue, hatuigombei. Akikataa kabisa kuitazama hesabu, basi kamati ya shule ipo, na juu yake yupo Afisa Elimu Kata. Huko hupeleki majungu, unapeleka kitabu chenye saini mbili.

Na hapo ofisini, kama hali ya hewa itaruhusu, mkumbushe jambo la majina kusomwa mstarini. Tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, michango ni makubaliano ya wazazi kwa wazazi, na mtoto hapaswi kufukuzwa wala kuadhibiwa kwa sababu kwao hawajatoa. Kumsimamisha mbele ya wenzake ni adhabu hata kama hakuna fimbo. Mwenye deni ni mzazi, aitwe yeye. Hili lote la bahasha, ukilitazama vizuri, lilianza siku ile, maana ndiyo siku kijiji kilipofundishwa kumtazama huyu mtoto kama mdaiwa.

Sasa nije kwako, na hapa utanivumilia.

Wewe pia ulimsimamisha. Ndiyo, kwa sifa. Lakini kwa wiki moja huyu mtoto alisimamishwa mbele ya shule mara mbili, mara ya kwanza kwa kukosa 2,000 na mara ya pili kwa kurudisha 134,000, na mara zote mbili, nadhani, alitazama vidole vya miguu. Ulimwona akivitazama, umeandika, na bado ukaendelea kuhutubia. Ulitaka mfano wa mada. Mtoto hakupanda kile kilima apate kuwa mada. Angetosha kuitwa pembeni, ukamshika bega, ukampa uji wa jikoni, ukamwambia ahsante, halafu ukamwandikia bibi yake kikaratasi. Makofi ya kilo yanamweka mtoto juu ambako kila mtu anamwona, na kijijini anayeonekana sana ndiye anayeangushwa kwanza.

Nakusema kwa sababu nami nimeyafanya, tena yangu yalikuwa mabaya zaidi. Mwaka 1984 nilikuwa nafundisha Mufindi. Mpira wa shule ulipotea, mpira wenyewe mmoja tu, na mtu wa mwisho kuonekana nao alikuwa msichana wa darasa la sita. Nilimchapa aseme. Hakusema, nikaona ni ukaidi, nikaongeza. Mwisho wa mwaka tukasafisha stoo, mpira tukaukuta nyuma ya magunia ya mbolea, umeishiwa upepo. Nikauweka mezani, nikanyamaza. Msichana alikuwa ameshaacha shule. Leo ana duka la vyombo Makambako. Kila nikipita ananiita kutoka ndani, "Shikamoo mwalimu," ananifungia kitu kwenye karatasi, anakataa fedha. Miaka yote hii sijapata kinywa cha kumwambia mpira ulionekana. Nimeandika ushauri wa watu wengi, wangu umenishinda.

Kwa hiyo sikuulizi kama jina la kijana lisafishwe. Nakuambia lisafishwe kabla hamjafunga shule, na lisafishiwe pale pale lilipochafuliwa, mstarini, kwa sauti ile ile. Si ofisini, si kwa kunong'ona. Maneno machache yanatosha: fedha zilihesabiwa, zimetimia, bahasha ilirudishwa kama ilivyookotwa, sisi wakubwa tulikosea hesabu. Hapo ndipo pa kumtaja jina lake halisi, mara moja. Asiitwe mbele. Abaki kwenye mstari wake na wenzake.

Umeniuliza kama bibi amemfundisha vizuri kuliko wewe. "Ukiona kitu njiani, pita." Usimdharau huyu mama. Hajamwambia mjukuu aibe, wala hajamwambia afiche. Amempa sheria ya mtu asiye na wa kumtetea: usishike, maana ukishika utaulizwa. Inawezekana maisha yalimfundisha hivyo kwa viboko vyake mwenyewe. Huwezi kuishinda sheria hiyo kwa somo la dakika arobaini. Utaishinda siku atakapoona mjukuu wake ameulizwa, akajibu, akaaminiwa, na wakubwa wakasema tulikosea. Yasipotokea hayo, bibi yuko sahihi, na mimi nisingekuwa na la kumjibu.

Watoto wa huko wana macho. Unawafundisha darasani vipimo, gunia na kilo 100, wakitoka nje wanaona gunia la viazi linashonwa kilemba juu, lumbesa, wakulima wanalalamika na wanashona hivyo hivyo kwa sababu lori halisubiri. Wanajua kabisa kipi ni cha mtihani na kipi ni cha barabarani. Bahasha ilikuwa nafasi ya pekee ya hivyo viwili kukutana, tukaiharibu sisi.

Nilipoanza kazi mwaka 1979, hapo Njombe, enzi ikiwa bado wilaya ya mkoa wa Iringa, nilimkuta mwalimu mmoja wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Labda nyie vijana hamwajui. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, shule ziliongezeka kuliko walimu, wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu huku wakifundisha, kwa vitabu vya posta na vipindi vya redio. Sisi wa chuo tuliwacheka sana. Huyu Kiingereza hakukijua hata cha kuombea maji. Lakini shamba la shule lilipovunwa, aliwapanga wanafunzi wahesabu debe moja moja, wa darasa la sita wakiandika. Ubaoni aliacha pameandikwa: tumevuna magunia kadhaa, tumeuza kadhaa, tumenunua majembe mangapi na mipira mingapi, zimebaki shilingi ngapi na anazo nani. Hakufuta mpaka msimu mwingine. Elimu ya kujitegemea wengi tuliifanya iwe kulima tu. Yeye aliifanya iwe kulima na kuhesabu. Sikumbuki akifundisha uaminifu, na sikumbuki kitu kikipotea kwake.

Basi nawe, kipindi chako cha Uraia na Maadili kikikushinda, kiunganishe na Hisabati. Mahindi na maharage yakiletwa muhula ujao, la tano na la sita wayapime na kuyaandika. Fedha za mpishi zihesabiwe na watu wawili, stakabadhi ikatwe hapo hapo, jumla ibandikwe kwenye ubao wa matangazo bila majina ya waliolipa wala wasiolipa. Namba tu. Siku hiyo mama mweka hazina mwenyewe atalala usingizi mzuri, maana hakuna atakayemwuliza zilikuwa ngapi.

Sasa acha kusoma barua hii, uende kwa bibi. Kabla ya mkuu, kabla hata ya mama mwenye nyumba. Peleka nusu kilo ya sukari na kipande cha sabuni, usipeleke daftari. Usimweleze hesabu bado, asije akapata tumaini ambalo hatujalishika mkononi. Mwambie tu kwamba unamwamini mjukuu wake, kwamba aache kusomba viazi, na kwamba hadaiwi hata senti. Ukipewa viazi vya kuchoma, kula. Kijana akiwa hajarudi kutoka barabarani, msubiri hata giza likiingia. Umesema mwenyewe njia hiyo unaijua bila tochi.

*Shangazi*